Simu Uliyomkabidhi Mama

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na wale mapacha walionipa ushangazi bila kunipa nafasi ya kuwabeba. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi sijambo, ila mgongo tu kwa kuinamia cherehani, na huo tumeshazoeana.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu huwa unanichekesha, na nikishacheka nasahau nililotaka kusema.

Kazi ipo, maana msimu wa sare za shule umefika. Simu yangu, tangu nitafute mkasi mmoja tu, inaniletea matangazo ya mikasi kutwa kucha, utadhani nimefungua kiwanda. Hilo la mikasi nalicheka. La mama silicheki.

Ulipokuja likizo ulimpa ile simu kubwa ili asiwe mpweke. Ulikaa naye kwenye kochi, ukamwekea ile programu ya video inayotengenezwa na kampuni yenu, ukamfundisha kupandisha kidole. Tulifurahi sote. Mwanzoni alitazama kwaya, na watu wanaopanda maua kwenye makopo.

Lakini unamjua mama. Mtu akizungumza mbele yake hamkatizi, hata awe mlevi. Basi na watu wa kwenye simu aliwasikiliza vivyo hivyo, mpaka neno la mwisho, na wengine akawaambia asante. Akatokea yule mgombea mwenye miwani, anayesema kwamba wapangaji waliotoka mikoa mingine wametumwa kutudhuru. Mama hakumpenda, aliniambia mwenyewe kuwa yule bwana hana adabu. Ila alimwacha amalize. Kesho yake wakaja wengine wa aina ile ile, kesho kutwa wakazidi, mwishowe kwaya zikapotea kabisa. Na maneno yakisemwa kila siku, hata mwenye akili zake huanza kuyaamini.

Nilikupigia kukuuliza. Ukanieleza, tena kwa kicheko, kwamba mtambo unaochagua video hauoni moyo wa mtu. Unapima tu muda anaokaa kwenye video, na akikaa sana unadhani amependa. Ukasema watazamaji kama mama ndio mnaowatafuta. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Nesi wa mlango wa pili unamfahamu. Ndiye aliyekuwa akimchoma mama sindano ya sukari asubuhi na jioni, kwa hiari yake. Amehamia hapa kutoka mbali, na lafudhi yake haifichiki. Mwezi uliopita mama aliuvuta mkono wake, akamwambia, "Sindano zenu sizitaki tena." Zenu, Kitinda. Yule mwanamke alisimama na pamba yake mkononi, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, akatoka. Niliona haya, na mpaka leo tukikutana kwenye ngazi nashindwa kumtazama usoni.

Nilijaribu kumchoma mimi, akasema Nesi kanituma. Wiki iliyopita alianguka jikoni. Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi, na daktari amesema sindano zikiendelea kukosekana, mguu utakatwa.

Nilimpigia wifi kumpa habari hiyo. Katika mazungumzo nikamuuliza kama mapacha nao wanatazama hizo video zenu. Wifi wa watu hana hila, akanijibu, "Wale? Baba yao kakataza kabisa. Anasema anajua kilichomo."

Nilizima cherehani nikakaa. Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu. Wanao umewafungia, mama yako ukampakulia. Ulitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sisi tukakushukuru. Angetufanyia hivi mtu baki ningemtukana yakaisha. Lakini wewe tumekula sahani moja, na nimeumia mahali nisipojua kupakanda.

Juzi niliificha ile simu. Mama akaipata, akamwita fundi, akabadilisha kitasa cha mlango. Sasa chakula nampitishia dirishani.

Sitaki unieleze tena. Nataka uje, kwa sababu aliyempa simu ni wewe, na neno lako bado analisikia. Uliniambia mtambo ule unajiendesha, hauna wa kuulaumu. Mbona nyumbani kwako ulijua pa kuuzimia?

Msalimie wifi, na usimgombeze, kasema kweli tu. Niwabusie mapacha. Nesi anakusalimu sana. Hana kinyongo, kila siku ananiuliza hali ya mguu. Mungu akufungulie njia ya kuja, na akulinde ukiwa safarini.

Za mama sina za kukupa. Leo nilimgongea kumwambia kwamba nakuandikia. Akauliza ni nani, nikasema ni mimi mwanao. Akanijibu kwamba mwanawe yuko mbali, niende zangu.

Wako akupendaye hata hivyo,

Dada