Dada Alipofungulia Dripu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anafahamika kwa wote kama Fundi Makochi. Umri: miaka 51. Kazi: kushona na kukarabati makochi. Makazi: nyuma ya mashine ya kusaga.

Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, na mlalamikaji ni dada yangu mkubwa aliyenilea baada ya mama kufariki. Nimefika hapa kituoni kwa ruhusa ya wodi. Akili ninazo timamu, miguu ndiyo bado haijakubali.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu nililazwa kwa kuharisha na kutapika. Kwa kuwa nina ugonjwa wa moyo, muuguzi alinitundikia dripu ya taratibu. Alinieleza, "Mwili umekauka, baba, lakini moyo wako hauwezi kusukuma maji mengi kwa mkupuo. Tutakwenda pole pole."

Saa kumi jioni dada alikuja kuniona. Aliitazama dripu ikidondoka tone moja moja, akasema, "Hawa wanakubania maji." Nikamwomba aiache. Akajibu, "Nyamaza. Ulipokuwa mtoto nani alikunywesha?" Ni kweli. Niliwahi kuharisha nikabaki ngozi na macho, naye, msichana mdogo tu, akaninywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kutwa nzima mpaka nikapona. Basi jioni hiyo akazungusha kile kigurudumu cha kupunguzia maji kwenye mpira wa dripu hadi mwisho, maji yakamiminika. Sikubisha tena, dada yangu habishiwi.

Chupa ilipokaribia kuisha kifua kilibana, nikakohoa povu, nikashindwa kuita. Dada alidhani dawa inafanya kazi, akaushikilia mpira nisiutikise. Muuguzi alikuja mbio, akasema, "Mama, achia, maji yanamjaa kifuani." Dada hakuachia. Muuguzi akamvuta mkono kwa nguvu, dada akaangukia chuma cha kitanda cha jirani, kiwiko kikateguka. Hilo ndilo shambulio analolalamikia, na ni kweli alivutwa.

Aliona dripu ikifungwa, kisha akapelekwa kufungwa mkono, hakuona yaliyofuata. Muuguzi alinikalisha miguu ikining'inia, akaniwekea oksijeni, daktari akanichoma sindano ya kukojoza. Nilikojoa mpaka nikaona haya. Muuguzi alikuwa akimwaga kopo huku anacheka, "Leo tunakushangilia, baba." Pumzi ikarudi. Namshukuru sana binti yule, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Dada anaamini nilizidiwa kwa sababu dripu ilifungwa. Sijamwambia ukweli. Mtu aliyekupa uhai kwa kijiko humwambii kirahisi kwamba alikaribia kuutoa. Lakini muuguzi asipoteze kazi kwa sababu mimi namwonea dada huruma.

Naomba nimwambie mwenyewe, kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Nimesema niliyoyaona kwa macho na kuyapata kifuani mwangu, sina la kuongeza.

Sahihi: dole gumba la kushoto (mkono wa kulia una sindano ya dripu).

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekubali. Alitoka akaketi na dada yake kwenye benchi la nje. Baadaye mlalamikaji aliingia peke yake, akaomba kufuta malalamiko. Nilipomuuliza sababu akasema, "Andika kwamba namshukuru yule muuguzi. Na utufanyie haraka, mwanangu, nimrudishe mdogo wangu wodini. Dripu yake inamsubiri. Ile ya pole pole."