Barabara Inayohesabiwa Kutoka Baharini

Mjukuu wangu Neema,

Mungu akutunze huko Missouri City, pembeni mwa Houston. Sisi hapa DeSoto tu wazima. Mguu wa babu yako umepoa, ameanza tena kubishana na jirani.

Umeniuliza kwa nini nilichelewa siku uliyozaliwa. Mama yako alipopiga simu kwamba uchungu umeanza, niliingia barabara kuu ya 45 kuja huko kwenu peke yangu, leseni yangu ya udereva bado mpya. Nikaona namba kwenye vibao vya njia za kutokea zinapungua. Nikadhani narudi nyuma, nikageuza gari. Kwenye kituo cha mafuta dereva wa lori akacheka: "Mama, barabara hii huhesabiwa kutoka baharini. Zikipungua, ndiyo unakaribia Houston."

Nikageuza tena. Kila namba iliposhuka nilisema, "Bwana, mshike mwanangu." Nilifika umeshaoshwa, unapiga chafya. Tangu hapo, nikiona kitu kinapungua, siharakishi kuhuzunika.

Krismasi mkija, kaa dirishani usome vibao. Kuja kwangu namba zitapanda. Zikipita mia mbili, ujue nimeshainjika chai.

Ni mimi, bibi yako aliyechelewa.