Mama Asipande Basi

Mtaa wa Kipata,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Februari 1982

Mpendwa mdogo wangu Klara,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na huo mzigo wako wa tumboni, pamoja na shemeji Anselmi na watoto. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na huko Lukuledi mvua imenyesha, au mihogo yenu imegeuka kuni? Hapa jua linawaka kweli kweli na maji ya bomba yanakuja yakipenda. Mimi ni mzima wa kuweza kuandika. Hayo mengine utayasoma.

Nina jambo la haraka, na nalitanguliza kabla moyo haujanirudi nyuma. Mzuie Mama asije. Vitalis, utingo wetu wa basi la Masasi, ameniambia Mama amekwisha kufunga mzigo na anangoja nafasi tu ili afike kabla masika hayajakata barabara ya Rufiji. Asipande basi. Hakuna uzazi wa kuja kuuguza. Sina mimba, Klara, na sitakuwa nayo.

Najua mlivyosikia. Vitalis mwenyewe ndiye aliyeleta habari, na simlaumu, maana alinikuta na tumbo mbele akaliona kwa macho yake. Nikasikia Mama alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Na wewe ukaniandikia kwamba tutazaa pamoja, wako na wangu wapokezane nguo. Barua yako ile niliilalia chini ya mto. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, usije ukaelezwa na watu.

Unajua tulikotoka. Mwaka wa tisa huu tangu Filbert anioe, na hakuna tulikoambiwa twende tukaacha kwenda. Mganga wa Mbagala alikula mbuzi wetu na kunifukiza moshi mpaka nikakaribia kuzimia. Hospitali ya serikali hailipishi, ni kweli, lakini daktari anakuandikia dawa na dirishani wanakujibu hakuna. Kila ukienda, hakuna. Mwisho tukampata mtu hapa Kariakoo anayeleta vidonge kutoka Nairobi kwa njia za panya, maana mpaka bado umefungwa. Bei yake usiniulize. Ndiyo iliyokula cherehani yangu, ile niliyokuwa nashonea barazani, uliyoichezea ulipokuja nikakuchapa vidole. Anayo fundi mmoja mtaa wa pili. Nikisikia mlio wake nabadilisha njia.

Vidonge nilivimeza. Siku zangu zikakoma, tumbo likaanza kujaa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilinyamaza. Mimba ya kwanza haisemwi, Mama alitulea hivyo, na Bi Siti, mwenye nyumba wetu, mtu wa pwani hasa, akanisisitizia hayo hayo: nisikimbilie kwenda kukaa kwenye benchi la kliniki wenye macho yao mabaya wakaniona, ningoje kwanza itulie. Nikangoja. Filbert ni mpima mizani kule Shimoni sokoni, basi kila jioni akawa anarudi na embe bichi na ndimu. Yule mwanamume asiyejua hata kucheka, alikuwa anaimba bafuni, na anaimba vibaya, ua mzima wanasikia.

Kisha kuna mambo ya foleni. Huku sukari, sabuni, mchele, vyote ni kupanga mstari kwenye duka la ushirika. Watu wanaweka mawe tangu alfajiri kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake, na jiwe likisogezwa ni ngumi. Lakini mjamzito hahitaji jiwe, anapitishwa mbele. Siku ya kwanza Bi Siti ndiye aliyepaza sauti, "Jamani ee, mpisheni huyu, hamwoni hali yake?" Wakanipisha. Wale wale waliokuwa wakinong'ona nikipita na ndoo! Sitakuficha, Klara, nilipita pale kama bibi harusi. Nikawa naenda foleni hata siku ambayo nyumbani hatukuhitaji kitu.

Mzee Mwinyimvua, balozi wetu wa nyumba kumi, naye akaniandikia kibali cha flaneli ya mtoto, kitu ambacho hapa mjini watu wanakitafuta kwa tochi. Akaja nayo mwenyewe mpaka mlangoni, akasema, "Chukua mwanangu, huyu ni mtoto wa nyumba zote kumi." Nikaikata nepi. Cherehani sina, nikawa napinda kwa mkono.

Bi Siti aliponiruhusu kwenda kliniki, tumbo lilikuwa limekwisha kufika kitovuni. Nesi akaniwekea kile kikopo chao cha kusikilizia. Akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, kisha akamwita mwenzake. Nikawaambia, huyo amelala, ni mvivu kama baba yake. Hawakucheka. Daktari aliponipima akasema, "Mama, humu hamna mtoto. Ni uvimbe, na umekaa sana." Ningekuja mapema, alisema, labda wangeutoa uvimbe peke yake. Sasa ulikuwa hauna budi kutoka pamoja na kizazi.

Walinipasua mwezi uliopita. Filbert ndiye aliyetia sahihi. Nilipoanza kula alikuja na chupa ya uji, na nilipoonja tu nikaujua. Ni ulezi ule ule ambao Mama aliutwanga akautuma kwa Vitalis, uji wa mzazi. Filbert hakuwa na kingine cha kupika, na mimi sikuwa na nguvu ya kukataa. Nimeunywa, Klara. Nimelala wodini, ng'ambo ya ukuta watoto wa watu wanalia, na mimi nakunywa uji wa uzazi. Mwambie Mama ulikuwa mtamu. Au usimwambie kitu.

Nimerudi nyumbani, na shemeji Eliasi, kaka yake Filbert, amekuja kututazama. Pole yenyewe hakuimaliza. Alimgeukia ndugu yake, mimi nimekaa pale pale, akamwuliza, "Sasa jina la baba litabebwa na nani?" Nikamtazama Filbert nikingoja aseme neno, hata lile baya. Akainuka, akasema anawahi mizani. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hana zamu.

Tangu hapo sijui anawaza nini. Embe haleti tena, wala mimi sizitaki. Analala amenipa mgongo. Kunifukuza hajanifukuza, ila kila nikisikia mlango nadhani amekuja kunieleza. Nasali, lakini rozari naianza na sifiki mwisho wake. Sioni mbele, mdogo wangu. Zamani nilikuwa nina la kungojea, hata kama ni uongo.

Juzi nilijikongoja mpaka dukani, nikaweka jiwe langu nyuma kabisa. Wanawake waligeuka, halafu wakaanza kusogea kunipisha kama zamani. Bi Siti akasema, "Pita mwanangu, umetoka kupasuliwa." Nikamjibu kwa ukali mbele za watu, "Niacheni na jiwe langu!" Na ni yeye aliyenifulia nguo zangu za hospitali, zilivyokuwa na damu. Sukari ikaisha kabla hawajanifikia. Nikarudi na jiwe mkononi, sijui nililibeba la nini.

Mama mwambie jikoni, mkiwa wawili, akiwa amekwisha kula. Akisema atakuja hivyo hivyo kunipa pole, mkatalie. Mama akinitazama nitalia, na nikianza sijui nitanyamazia wapi. Chumba chetu ni kimoja na ua ni wa wapangaji wote.

Nisalimie shemeji Anselmi, baba mdogo Uwesu na shangazi Angelina. Watoto wako wabusu wote, huyo mkorofi umkanye kwanza. Mama mpe shikamoo yangu, hiyo mpe leo leo, hata kabla hujamweleza hayo mengine.

Flaneli nilimrudishia Mzee Mwinyimvua. Akaikataa, akasema ilitolewa kwa ajili ya mtoto na dukani hairudi. Basi imo kwenye kifurushi atakachokupa Vitalis. Nepi zote nilizifua nikazianika chumbani, si uani. Mvalishe mwanao akizaliwa. Moja haijaisha pindo, nililiacha nusu asubuhi ile ya kliniki, na sindano imechomekwa pale pale nilipoishia. Mimi sikuweza kuigusa. Ichomoe isije ikamchoma, na hilo pindo unimalizie wewe.

Mungu akufungue salama, wewe na huyo, mtoke wawili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Scholastika