Yowe la Madawati ya Nyabulolo

Kijiji cha Nyabulolo,
Barabara ya Katoro,
2 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Donatus,

Shikamoo yako uliyompa mkeo Salome aniletee kwenye simu nimeipokea, na marahaba sana. Hujambo wewe? Esta na wadogo zake hawajambo? Na lile goti lililokusumbua tangu Krismasi, umelipeleka hospitali au bado unalipaka mafuta ya kondoo kama alivyokuwa akifanya baba? Sisi huku tu wazima. Mama kifua kilimbana wiki mbili nzima, lakini sasa ameinuka. Jana alikula ugali wa mtama na mlenda, akamaliza, akauliza kama sufuriani kumebaki kitu.

Mvua zimekuja vizuri mwaka huu. Mpunga wa mbugani umeshika, na kazi ya palizi imetumaliza migongo. Mungu akijalia, gunia lenu mtalipata. Kwa sasa pokeeni hii michembe ya viazi vitamu, Mama ameikausha mwenyewe na amekataa kusaidiwa.

Najua umecheka ulipoiona bahasha. Dada ana simu, mbona anaandika barua kama watu wa zamani? Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikigusa tu habari ya shule, uko kikaoni, au mtandao unakatika pale pale unapotaka wewe. Barua haikatiziki. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi pale Katoro, na asipoifikisha nitamsubiri stendi mpaka arudi.

Basi sikiliza. Shule yetu watu wa wilayani wanataka kuifunga. Barua yao inasema itaunganishwa na ya Ilangale, kwa kuwa bajeti ya wilaya imebanwa, walimu hawatoshi na madarasa yetu ni pungufu. Watoto wote wahamie Ilangale kuanzia mwezi huu. Mjukuu wangu Nelly yumo. Unamkumbuka, mtoto wa Vumilia. Mama yake yuko Nyasubi, Kahama, anauza vitenge, na mtoto ninaye mimi. Yuko darasa la pili na ana miaka saba.

Wewe unaijua njia ya Ilangale ya zamani, tulipokuwa tunapita tunachuma matunda ya ntalali. Siyo ile tena. Ni kilomita saba, na tangu dhahabu ilipoonekana kule mlimani, wachimbaji wamechimba maduara mpaka ukingoni mwa njia, kisha wakahama wakayaacha wazi. Mvua ikinyesha yanajaa maji na majani yanafunika mdomo. Mwaka juzi ng'ombe wa jirani alitumbukia humo mchana kweupe, tukamtoa kwa kamba amekwisha kufa. Ukiyapita maduara unaikuta barabara ya malori yanayobeba mawe kwenda kusagwa, nayo hayamsubiri mtu. Ukiyapita malori unaukuta mto. Hiyo ndiyo njia wanayotaka Nelly aipite peke yake alfajiri, na airudie jioni akiwa na njaa.

Na hilo la madarasa pungufu ndilo linalonipandisha damu kichwani. Unakumbuka walivyotuambia: wananchi jengeni boma mpaka kwenye lenta, sisi tutapaua. Tukajenga. Wanaume wakafyatua tofali na kuchoma matanuru mawili, sisi wanawake tukabeba maji na mchanga kwa vichwa, hata mama Salu akiwa na mimba ya miezi saba alibeba. Boma likasimama. Huu ni mwaka wa nne linanyeshewa, na miche ya mipapai imeota ndani. Kila tukiuliza tunaambiwa fungu la kupaulia limepunguzwa, subirini. Sasa wanatugeukia eti shule haina madarasa. Wameshindwa kupaua wao, tunaadhibiwa sisi. Huko ni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Donatus, na wewe mwenyewe unajua.

Tukauliza ni nani aliyekubali. Tukaonyeshwa muhtasari wa mkutano wa kijiji, una sahihi ya mwenyekiti wetu, Bujiku, na nyuma yake orodha ya waliohudhuria. Nikaisoma ile orodha jina kwa jina. Jina la Mama limo, wakati siku hiyo alikuwa kitandani hawezi hata kugeuka. La kwangu limo. Kisha nikaona pembeni, mbele ya kila jina, mifuko: mmoja, miwili, mmoja. Ni ile orodha tuliyoiandika tulipokuwa tunajiandikisha mbolea ya ruzuku! Wameichomoa kule wameibandika huku, wala hawakujisumbua kufuta mifuko.

Bujiku nilimfuata kwake mara tatu. Mara ya kwanza ameenda mnadani, mara ya pili amelala, mara ya tatu nikaiona kofia yake ikipita nyuma ya zizi.

Jumanne iliyopita ndiyo siku yenyewe. Nilikuwa majarubani napalilia, nikasikia lori, nikajua si la mawe kwa sababu lilikuja taratibu. Likaenda moja kwa moja shuleni. Nilipofika nikakuta vibarua wanne wanapakia madawati, na kijana mmoja wa wilayani mwenye faili anahesabu. Watoto wamesimama nje wameshika madaftari. Mwalimu Rhoda, ambaye kwa miaka sita amefundisha madarasa matatu kwa wakati mmoja, amekaa kwenye ngazi analia. Madawati yale ni yetu. Kila kaya ilitoa mbao za mikaratusi na kumlipa fundi, na kila baba alichonga jina lake chini ya ubao. Baba yetu alichonga la kwake kwa kisu akiwa tayari haoni vizuri.

Sitakudanganya kwamba nilifikiri. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo cha wasichana, nikapiga yowe la mwano. Sasa, unajua kwetu mwano una aina zake. Kuna wa moto, kuna wa msiba, kuna wa ng'ombe walioibwa. Mimi kilichonitoka kinywani ni ule wa ng'ombe, tena kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

Basi usiniulize. Wanawake wa mbugani waliupokea, wakaurusha ng'ambo, na ng'ambo wakaurusha mbele. Filimbi zikaanza kulia. Ndani ya nusu saa vijiji vitatu vilikuwa vimemiminika pale, wanaume na fimbo na pinde, wengine wameshaenda kuziba vivuko vya mto ili ng'ombe wasivushwe. Mtu mmoja aliacha plau katikati ya mstari na maksai wakiwa wamefungwa. Bodaboda wa Katoro nao wakaja, wao hata hawajui wanamkamata nani.

Na kwa kuwa asiyeitikia mwano huhesabiwa kuwa mshirika wa wezi, Bujiku naye akatoka. Mdogo wangu, alikuja mbio, mkuki mkononi, kandambili mguu mmoja, anahema: "Wamepita wapi? Wamepita wapi?"

Nikamwonyesha lori. "Hawajapita, mwenyekiti. Bado wanapakia. Na karatasi waliyokuja nayo ina sahihi yako."

Alisimama pale na mkuki wake, hakujua auweke wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima kumwona uso kwa uso.

Lakini usidhani mambo yalikuwa mepesi upande wangu. Mzee Mageni, mtemi wa sungusungu, aliniita mbele ya watu wote. Akaniuliza, "Mama Vumilia, wameibwa ng'ombe wangapi?" Nikajibu, "Hakuna ng'ombe, baba." Watu wakanung'unika, na wale waliotoka mbali walikasirika kweli. Niliogopa, nakiri. Unajua mtu akitengwa kijijini hakuna wa kumsalimia, wala wa kumpa moto, wala wa kumzika. Nikamwambia Mzee Mageni kwamba ng'ombe akiibwa tunafuata nyayo zake mpaka Maganzo na tunamrudisha, lakini shule ikishapandishwa kwenye lori sijui tutafuata nyayo zipi.

Mzee Mageni alivuta ugoro wake, kisha akasema mambo mawili. La kwanza: "Umepiga mwano wa ng'ombe pasipo ng'ombe. Faini yako ya mchenya ni mbuzi, alipwe leo hii." La pili: "Mwano ukishapigwa na mali ikaonekana, mali inarudi nyumbani kwa mwenyewe. Kila mtu atafute jina lake."

Hapo, Donatus, ungekuwepo ungelia. Watu walipanda kwenye lile lori wakaanza kupindua madawati na kusoma majina chini ya mbao. Wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Kila aliyepata la kwake alilitua, akalibeba kichwani, akaondoka nalo. Kijana wa faili akapaza sauti kwamba ile ni mali ya serikali na kuiharibu ni kosa. Nikamwambia hatuharibu, tunatunza, na akitaka kuhesabu aanze na kaya ya kwanza, ziko sitini na mbili na nyingine ziko ng'ambo ya mbuga. Lori likaondoka tupu. Dawati la baba liko hapa sebuleni, naandikia juu yake.

Mbuzi nilimtoa, yule beberu mweusi, na nilimtoa nacheka. Akachinjwa palepale kama desturi ya mchenya inavyotaka, na walionikasirikia ndio waliochoma nyama. Bujiku alikula paja. Alipomaliza kula alifuta mikono, akaomba kalamu kwa Mwalimu Rhoda, akaandika mbele ya watu kwamba mkutano ule haukufanyika. Sijamsamehe yote, lakini karatasi hiyo tunayo, na nakala yake imeshafika wilayani.

Tangu Jumatano, kila asubuhi utaona kijiji kizima njiani na madawati vichwani kuelekea shuleni, na jioni tunarudi nayo. Wapita njia wanadhani tuna harusi isiyokwisha. Ijumaa Mwalimu Rhoda aliletewa barua ya uhamisho, aripoti Ilangale kesho. Aliniachia chaki na daftari la mahudhurio. Kwa hiyo kuanzia kesho darasa la kwanza, la pili na la tatu naingia mimi. Ndiyo, mimi wa darasa la saba. Kusoma na kuandika naweza, na jedwali la kuzidisha nalijua mpaka la kumi na mbili. Tarehe kumi na moja wanakuja kuhakiki. Wakikuta madarasa hayana watoto, shule inafutwa. Hawatakuta hivyo, hata kama mvua itanyesha mawe.

Sasa nakuja kwako. Ulinitumia ujumbe: "Dada, mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni sera." Niliusoma mara nyingi. Nimempisha mwenye nguvu maisha yangu yote, Donatus, na kila nikimpisha anaomba nafasi zaidi. Sasa nyuma yangu kuna duara na Nelly ameshika kanga yangu. Hakuna mahali pengine pa kumpishia.

Na nilikasirika zaidi nilipojua kwa nini uliandika vile. Salome hana kosa, usimgombeze. Aliniambia tu kwamba siku hizi huli vizuri wala hulali. Amesema nawe umeletewa mezani orodha ya shule sita za kuunganisha huko kusini, na kwamba sahihi inayongojwa ni yako. Kumbe siku zote hizo nilipokulilia, nilikuwa namlilia mtu mwenye kalamu ile ile. Iliniuma. Nilikaa siku mbili sitaki hata kulisikia jina lako, kisha nikamwomba Mungu anisamehe, nikatafuta karatasi.

Sikuambii uache kazi. Najua watoto wanakula kutokana nayo, na Mama anatibiwa kutokana nayo. Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujasaini, amka alfajiri, nenda kwenye kila kijiji katika hivyo sita, mshike mkono mtoto wa miaka saba utembee naye mpaka hiyo shule mpya. Kwa miguu, si kwa gari la ofisi. Njia ikifaa, saini, na mimi sitasema neno. Isipofaa, andika kwamba haifai na uweke jina lako lote chini yake. Lakini ukisaini bila kutembea, ujue na huko kuna mwanamke atakayepanda kwenye kichuguu. Siku hiyo nitapanda basi nije, siku mbili njiani, na nitakayesimama naye ni yeye.

Msalimie sana Salome, na Esta mwambie bibi yake anamngoja likizo. Mama anakusalimu, anasema uvae sweta huko. Vumilia anakusalimu kutoka Kahama, Mzee Mageni pia, na Nelly anasema shikamoo babu, ameandika jina lake mwenyewe hapa pembeni.

Mungu akulinde, mtoto wa mama yangu, na akupe miguu kabla ya kalamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Asteria
(Mama Vumilia)