Mwaka Mmoja wa Beji

Kaka yangu Ghazanfar,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima. Goti la shemeji linaendeleaje? Sisi huku ugenini hatujambo, ila mvua ndiyo haitupi nafasi.

Kaka, hawa watu wamenichosha! Niliomba leseni ya teksi ya miaka mitatu, kama ilivyo kawaida, nikiimaliza nistaafu, nirudi nyumbani Dadyal tukae pamoja. Halmashauri wamenipa mwaka mmoja. Nilimwuliza Bi Hargreaves wa dirishani kwa nini, akasema sheria inawaruhusu kupunguza wakiona inafaa. Wakiona! Miaka ishirini na sita barabarani, sina hata kosa la kuegesha vibaya. Akasema ni sukari yangu, lazima nipimwe upya kila mwaka. Nikatoka nimebamiza mlango.

Kijiweni Shaukat, dereva mwenzangu, alinicheka, ati siku hizi mimi ni kama maziwa ya dukani, nimegongwa muhuri wa tarehe ya kuharibika. Sikucheka. Bi Ollerenshaw, yule bibi ninayempeleka hospitali kila Jumanne, alikasirika kuliko mimi. Akawaandikia halmashauri kurasa mbili nzima, kwamba hajapata kuona dereva mwangalifu kama mimi. Jana wamejibu kuwa watalifikiria upya.

Utadhani nimefurahi. Wallahi, sivyo.

Kuna jambo nilikuficha. Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga. Wewe kwenye simu ukasema marehemu baba alifunga na sukari yake mpaka mwisho, nami nikaona haya. Nikafunga, na huku naendesha. Siku ya kumi na tisa, kwenye taa nyekundu karibu na hospitali, Bi Ollerenshaw yumo garini, giza likanijia. Nilipozinduka, breki ya mkono ilikuwa imeshavutwa, na kinywani nina peremende ya Bi Ollerenshaw. Akasema hatamwambia mtu. Na kwenye fomu ya leseni, walipouliza kama nimewahi kuzimia, nikaandika hapana.

Wewe sikulaumu, kaka, usukani nilishika mimi. Nimewatukana watu kwa kunipa mwaka mmoja, kumbe hata huo haukuwa wangu. Jumatatu naipeleka beji yangu ya leseni kwa Bi Hargreaves na kumweleza yote. Nimemwomba Shaukat ampeleke yule bibi Jumanne. Shaukat bado hajui kwa nini.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Chumba changu kifagieni, huenda nikaja mapema.

Mdogo wako,
Sabir