Bibi Aliyekoroma Kanisani

Kanyenye, Tabora
14 Januari 2025

Mke mwenzangu Bibi Josepha,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Sisi wazima, ila baba mdogo bado anakohoa. Tangu nimalize kidato cha nne nashinda kwenye steshenari yake.

Nina habari ambayo kwenye simu ningeona aibu kuisema. Ile hadithi yako ya kukoroma kanisani nimeiandika na kuichora, nikaiweka kwenye tovuti ya vitabu vya watoto. Nilichagua leseni huria: mtu yeyote anaweza kukichapa kitabu, hata kukibadilisha, bila kuniomba, mradi aache jina langu. Nikajiambia, nani atahangaika nacho? Bibi wa kwenye picha nimemvika kitenge chako cha njano chenye kuku. Usinune!

Mke mwenzio,
Jeska


Ulyankulu
2 Machi 2025

Jeska,

Marahaba. Nipo, na magoti yapo.

Kitabu chako kimefika. Mwalimu Renatus amekichapa na kuwagawia darasa la kwanza. Watoto wakiniona na kitenge cha njano wanakoroma, kuanzia kisimani hadi mlango wa kanisa. Jumapili tatu sijaenda kusali. Rozari naisalia nyumbani.

Hadithi ile nilikupa wewe, kwenye matanga ya babu yako, kwa sababu ulikuwa hukomi kulia. Umeandika kwamba niliamshwa, nikauliza, “Nani kafa?” na watu wakacheka. Mbona hukuandika usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa wapi?

Waambie hao wa tovuti wakifute.

Josepha Nijimbere


Kanyenye
9 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee hata kama hutaki. Sijathubutu kukuita mke mwenzangu.

Nimekifuta. Lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa sina uwezo nazo, maana ruhusa niliyoitoa hairudi. Kuna mtu wa Nzega amekwisha kukitafsiri kwa Kisukuma. Nilibonyeza tu, Bibi, huku nakula muhogo.

Na nilijua ulikuwa wapi. Ulikesha ukimgeuza babu kitandani, na ulipoguswa bega ulidhani umeletewa habari zake. Ukurasa huo niliuchora. Kisha nikautoa, kwa sababu ulikuwa hauchekeshi.

Huu hapa, nimempa Damas wa basi akuletee pamoja na barua hii. Sijauweka popote. Ni wako peke yako.

Nikija Pasaka nitasimama kanisani niombe radhi, ingawa unajua mimi hata kusoma somo siwezi, sauti inapotea.

Mjukuu wako,
Jeska


Kanyenye
15 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Simu hupokei, na Damas anasema bahasha alikukabidhi mkononi. Nimeelewa. Pasaka sitakuja, nisikuharibie na hiyo.

Jeska


Ulyankulu
22 Aprili 2025

Mke mwenzangu mwenye makosa,

Marahaba, ya Machi na ya juzi. Baba mdogo anywe asali, aache ubishi.

Magoti yananiuma kwa kutembea. Nilimpelekea Mwalimu Renatus ile picha, nikamuuliza, “Kweli kitabu hiki mtu yeyote anaruhusiwa kukibadilisha?”

“Ndiyo, mama, ilimradi jina la mtunzi libaki.”

“Basi mtu yeyote ndiyo mimi.”

Uliniambia ukurasa ni wangu peke yangu, kwa hiyo nimeugawa mwenyewe. Tumeurudufu na kuubandika katika kila nakala. Chini nimeandika: Mgonjwa huyu ni Evaristi, mume wangu. Jina lako lipo palepale, usifikiri umepona.

Basi watoto wakawa wananyamaza nikipita, wananiamkia kama wako mbele ya jeneza. Hilo nalo sikulipenda. Siku ya Pasaka nikavaa kitenge cha njano, nikakaa benchi la mbele. Katikati ya mahubiri nikafumba macho, nikakoroma kwa nguvu zangu zote. Katekista Aleksi, maskini, akaja kunigusa bega. Nikafungua jicho moja.

“Nani kafa?”

Padri akashikilia altare asianguke kwa kicheko. “Hajafa mtu, mama. Leo ni Pasaka.”

Kanisa zima lilicheka, watoto wakakoroma hadi wakachoka, na mimi nikacheka mpaka nikalia kidogo.

Wewe tu hukuwepo. Hilo bado sijakusamehe.

Mke mwenzio,
Josepha