Selvine Mwenye Mwanya

Ngalula,

Wataionyesha kwenye televisheni. Hadithi yetu ya Mtungi. Nimeona nikwambie hilo kwanza, kabla ya salamu, maana najua ungenikatiza salamu katikati useme, "Feza, sema ile kitu umekuya kusema." Basi nimesema. Hadithi ya Selvine, vitabu vyote sita, tangu anapofukuzwa kwao akiwa amebeba mtungi wenye mvua ya mwisho ya nchi nzima, mpaka mwisho kabisa. Hata ule mwisho ambao mimi na wewe hatukuupata. Mtangazaji amesema itaanza baada ya Pasaka.

Nilikuwa kwa Tata Édouard nilipoisikia habari hiyo. Yule yule, kapita wa zamani, msimamizi wa karakana, mwenye televisheni ya kwanza katika mtaa wetu wa Musonoi. Na televisheni ni ile ile, ila kitufe cha kugeuzia kimeshapotea, sasa anageuza kwa koleo. Nilikuwa nimempelekea sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwa kuwa mke wake anaumwa miguu. Nikapiga kelele mpaka koleo likamponyoka. Halafu nikageuka nikutazame. Niligeuka kweli, Ngalula, mwili mzima, nikakuta ukuta na kalenda ya zamani. Tata Édouard aliona. Aliinama akatafuta koleo lake polepole, ingawa lilikuwa hapo hapo mbele ya miguu yake.

Nina upweke, rafiki yangu. Sitalizungusha neno hilo. Watu wapo, tena wengi, na wananisalimia, lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia "Selvine anakuja" naye akaruka.

Habari zako alizileta mfanyakazi wa reli. Mama yako alimtuma. Alinieleza amesimama mlangoni, kofia mkononi, kwamba homa ilikupata ndani ya behewa, kwamba treni ilikuwa imekwama porini kupita Kamina, na dawa hakuna. Walikuzika kando ya reli. Kisha treni ikapiga honi, na mama yako akalazimika kupanda. Yule mtu hakujua mahali penyewe, alisema pori lote kule linafanana. Ndiyo maana nakuandikia. Sina hata kaburi la kung'olea majani.

Hapa mambo yamelegea. King'ora cha kampuni ya mgodi siku nyingine kinalia, siku nyingine hakilii, na baba anaamka vile vile, anavaa kofia yake ya kazi, anakaa nayo uani. Darasa ninalofundisha kule Dilala limebaki nusu. Mwanzoni nilikuwa bado naita majina ya watoto wa Kasai waliofukuzwa wakaenda na treni, kwa mazoea, na watoto waliobaki wakawa wananitazama tu. Sasa siiti. Nyumba yenu wanakaa watu wengine. Maandishi yale ya kuwafukuza, waliyoyaandika ukutani, wameyapaka chokaa, lakini mvua ikinyesha yanatokeza tena. Eti mrudi kwenu Kasai. Wewe uliyezaliwa hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, na Kasai uliijua kwa kuisikia tu kwa bibi yako!

Unalikumbuka tofali?

Tulikuwa wadogo, na Tata Édouard alikuwa haruhusu watoto sebuleni kwake, alisema tunaacha vumbi kwenye viti. Tukabeba tofali moja kutoka kwenye ukuta uliovunjika, tukaliweka chini ya dirisha lake. Tofali moja, watu wawili. Mmoja alipanda akatazama, mwingine alikaa chini akiegemea ukuta, akisikiliza sauti na kuhadithiwa. Halafu tunabadilishana. Na sheria uliitunga wewe mwenyewe: anayesimama juu ya tofali hanyamazi. Nikijisahau, nikatazama kimya kimya, ulikuwa unanivuta sketi. "Feza! We unakula yako peke!" Siku uliyoanguka ukapasuka juu ya jicho, damu inatoka, na bado unaniuliza kama yule farasi ameshavuka mto.

Mpaka tumekuwa wakubwa tulisoma vile vile. Ulipopata kazi kwenye maktaba ya klabu ya kampuni, ulikuwa unaniletea Mtungi kitabu kimoja kimoja, na tulisoma tukitembea, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaangalia mashimo ya barabara. Tukawapa wahusika sura za watu wa mtaa. Malkia asiyelala usingizi alikuwa Mama Bijoux, muuza mikate ya kukaanga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuamka akakuta hajawasha moto. Mvushaji wa Mto Mweusi alikuwa Tata Ilunga wa pampu ya maji, na yeye hakujua, akawa anashangaa kwa nini tukimwona tunainama kwa heshima. Mshauri mbaya alikuwa mkuu wa shule yetu, hilo hatukubishana hata kidogo. Na Selvine alikuwa wewe. Ulikataa, ukasema Selvine haiwezekani awe na mwanya kama wako. Nikakwambia mwanya ndio unaompitishia mluzi wa kuita mvua, kitabu kimesahau tu kuandika. Tangu siku ile sijawahi kumwona Selvine mwingine. Ana mwanya, ana kovu juu ya jicho la kushoto, na akikasirika anafunga upya kitambaa cha kichwa.

Halafu watu wakaivunja klabu na kuibeba. Viti vilikwenda, mapazia yakaenda, na vitabu pia. Ulilia zaidi kwa ajili ya cha sita kuliko kwa ajili ya kazi yako. Tulikuwa hatujakigusa. Mpaka siku ile sokoni uliponunua karanga, ukafungua karatasi, na pale, chini ya mafuta, pakawa na jina la Selvine! Tulirudi kwa yule mama mbio. Alidhani tunataka kugombana. Ukamwambia, "Hapana, mama, shiye tunataka karatasi. Kalanga ni ya kusindikiza tu."

Watu gani wengine duniani wamesoma kitabu kwa mpangilio wa karanga? Tulianza na ukurasa wa katikati, tukaruka nyuma, tukakuta mtu ameshakufa ambaye kesho yake, kwenye pakiti nyingine, akawa mzima anakula chakula. Tulimwaga chozi kwa yule mlinzi wa lango halafu tukamkuta anaoa. Matumbo yalituuma kwa karanga. Yule mama alianza kutufichia kurasa zilizo safi, na yeye mwenyewe akawa anauliza, "Na ule mutoto wa mvua, alifika?" Kurasa za mwisho hazikutokea. Kuna mtu mahali fulani alikula karanga zake, akafutia mikono mwisho wetu, akautupa.

Tukabaki na ubishi. Mimi nilisema Selvine atafungua mtungi hapo alipo, kwa wageni waliompokea, atakaa, basi. Wewe ulisema atarudi kwao. Nilikuuliza, kwa watu wale wale waliomtoa? Ukasema ndiyo, kwa wale wale, maana mvua ni ya mahali pake. Ulikuwa unabisha ukicheka. Wakati huo ukuta wenu ulikuwa bado msafi.

Stesheni mlikosubiri treni sijaisahau, na singependa kuieleza sana. Mahema ya maturubai, sufuria, watu waliong'oa milango ya nyumba zao wakaja nayo, mvua imegeuza kila kitu kuwa tope. Mama Bijoux alikuwepo, amekalia beseni lake la kukandia unga. Malkia asiyelala alikuwa amelala, Ngalula, kichwa kimeangukia kifuani, na wewe uliniambia nisimtazame. Nilikuwa nawaletea uji kila siku mpaka treni ilipopatikana. Siku ya kuondoka ulinipa zile kurasa za karanga, umezishona kwa uzi, ukasema kwenye behewa zitalowa. Na ukiwa umeshapanda, umebanwa na mizigo ya watu, ulipaza sauti juu ya vichwa vyote: "We, ukiona mwisho, utanielezea! Na usiongeze bitu bya kwako!" Niliitikia kwa mkono.

Kwa hiyo nina deni la mdomo kwako, na sasa mwisho unakuja wenyewe mpaka Musonoi. Ningefurahi. Nilifurahi, kwa muda wa kumaliza kelele ile moja.

Lakini wiki iliyopita sista mmoja wa parokia, anayejua ninavyopenda vitabu, akaniita nione gazeti la nje lililokuja na vifurushi. Lilikuwa na picha ya atakayecheza Selvine. Ni msichana mzuri, sina ugomvi naye. Nywele kama nyuzi za mahindi, pua nyembamba, meno yote yameshikana hayana hata pa kupitisha uzi. Niliweka kiganja juu ya picha kabla sijaitazama vizuri. Sista akadhani sijapenda nguo yake.

Nilichelewa kuweka kiganja. Asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya maji, nilijaribu kukukumbuka kama ninavyofanya kila siku. Naanza na kitambaa, halafu kovu, halafu mwanya. Kitambaa kikaja. Kovu likaja. Chini yake ikaja pua ya yule msichana. Niliacha ndoo kwenye foleni, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta, nikafumba macho, nikakuita kwa jina, mpaka ukarudi. Ulichelewa kurudi. Niliogopa sana, Ngalula, kuliko siku aliyokuja yule mtu wa reli.

Sina picha yako hata moja. Albamu ilikwenda na mama yako. Mpiga picha wa Dilala, aliyetupiga siku ya kumaliza shule, naye alikuwa mtu wa Kasai, naye alipanda treni na masanduku yake yote. Uso wako upo mahali pamoja tu, kwa Selvine, ndani ya kichwa changu mimi. Wakimweka mtu mwingine pale mbele ya macho yangu, wiki baada ya wiki, utakwenda wapi? Huko porini hawajui uko wapi. Na hapa pia nikupoteze?

Lakini nisipotazama, sitaujua mwisho, na nilikuitikia kwa mkono.

Nimelizungusha jambo hili mpaka baba akaniuliza kama ninaumwa. Nilifikiri kumwomba mtu mwingine atazame aje anieleze. Nani? Watu wataniambia ilikuwa nzuri, farasi walikuwa wengi. Nilifikiri kuiacha ipite tu. Nikaona utanuna, na nikikumbuka ukinuna, mwanya hauonekani.

Jana nilikwenda tena kwa Tata Édouard. Alikuwa amepangusa viti. Ameniwekea kimoja karibu kabisa na televisheni, kile chenye mto, akanionyesha kwa fahari. "Feza, we haiko tena mutoto wa ku dirisha. Utaingia, utaikala mu kiti, utaangaria muzuri." Nikamwambia, tata, asante sana, lakini nitaomba unifungulie dirisha tu, na sauti uipandishe. Akanitazama. "Juu ya nini utabakia inje?" Nikasema, kuna mtu tulikuwa tunasikiliza naye. Alitazama kile kiti alichokipangusa, kisha akaenda mwenyewe kwenye dirisha, akapiga fremu kwa kiganja, maana mbao zimevimba kwa mvua, mpaka likafunguka.

Nikazunguka nje. Majani yameota pale siku hizi. Tofali lipo, Ngalula. Limezama kidogo, limeota kijani ubavuni, lakini lipo. Nimelichimbua kwa mikono, nimelipangusa kwa kitenge changu, nimeliweka sawa ili lisiyumbe, usije ukaanguka tena.

Hivyo ndivyo nitakavyofanya. Baada ya Pasaka nitakuja kila wiki, nitakaa chini, mgongo ukutani, kama zamani. Yule msichana mwenye nywele za mahindi atakuwa ndani na Tata Édouard, wafurahi pamoja. Mimi nitachukua sauti peke yake. Selvine akipiga mluzi, utapita kwenye mwanya wako. Mvushaji akisema, atakuwa Tata Ilunga, popote treni ilipompeleka. Na mwisho nitausikiliza neno kwa neno, kama alirudi kwao au hakurudi, nitakurudishia pale pale chini ya dirisha kwa sauti, wapita njia wacheke wakitaka. Sitaongeza kitu changu. Ukiwa umenishinda kwenye ubishi wetu, nitakubali.

Enda muzuri, Ngalula wangu. Nimekaa zamu ya chini, tofali ni lako. Panda. Sheria ni yako mwenyewe, na mimi nitakuwa nimefumba macho hapa, nasikiliza: anayesimama juu ya tofali hanyamazi.

Wako,
Feza